Mtumba wa Maboksi Uliolowa

Jumamosi asubuhi ghala la karatasi la ushirika, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, halikuwa na pa kutia mguu. Watu walikuja na mikokoteni, wengine na magunia kichwani, kila mmoja na makaratasi ya mtaa wake. Mbele ya mzani alisimama Sabaha, kitambaa chekundu kichwani, gauni la kitenge limemkaa mpaka wanaume wa foleni wakasahau joto. Bangili zake zote zilikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kazi: aliuzamisha hadi kiwiko katikati ya kila mtumba, maana wajanja wa mjini humwaga maji ndani ili uzito uongezeke, na karatasi moja ikilowa huvundisha zote.

Ndipo akafika kijana mrefu, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, maboksi yake yamesimama mazima mazima kama yanangoja kuhamia nyumba.

"Ndugu, hili boksi limekula samaki?" Sabaha aliuliza akiliinua kwa vidole viwili.

"Limembeba tu, dada. Aliyemla ni mimi."

Foleni ikacheka. Sabaha akajiuma mdomo asicheke.

"Lenye mafuta hatupokei, linaharibu karatasi kiwandani. Haya mengine yafungue, yalaze. Magazeti peke yake, maboksi peke yake. Daftari, toa pini."

"Na moyo wangu niuweke fungu gani?"

"Kama nao una mafuta, rudi nao nyumbani."

Jina lake lilikuwa Nassibu, mtu wa Lindi, mkusanyaji wa karatasi za nyumba kwa nyumba na za duka la nguo la Bwana Vallabhdas. Jumamosi iliyofuata alileta mzigo uliolala bapa, umefungwa kamba ya katani, mkavu kama biskuti. Alikuwa amewafundisha akina mama wa nyumba zake kuweka karatasi chini ya kitanda, mbali na jiko. Sabaha alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza, na hapo kazi ikamshinda kidogo.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jioni walionekana Mnazi Mmoja wakila karanga, Sabaha akikunjua kila kikaratasi kilichokwisha na kukitia mkobani, Nassibu akimtania kwamba siku ya harusi atakusanya hata vifungashio vya zawadi.

"Nitakusanya, mpenzi. Lakini nikuombe kitu," Sabaha alisema. "Kwenye mzani usinipe chochote, hata pipi. Wakiona napokea kitu cha mtu ninayempimia, wataniita mla rushwa. Mkono huu nani atauamini tena?"

"Nakuahidi."

Wazee wa Nassibu wakapanga kuja kuposa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa kaskazi, joto la kupika mtu wima, na siku moja Sabaha alimlalamikia Nassibu kwamba pale mzanini hutamani soda ya machungwa ya baridi hata ndotoni. Jumamosi hiyo foleni ilikuwa ndefu ajabu. Zamu ya Nassibu ilipofika, Sabaha alizamisha mkono kwenye mtumba wake, akauchomoa taratibu. Ulikuwa unachuruzika.

"Maji," alisema.

Nassibu akafungua mdomo. Akaitazama foleni, akamtazama Mzee Sadalla, msimamizi wa ghala, kisha akaufunga.

"Sema, Nassibu! Sema basi ni mvua."

"Sina la kusema."

"Sheria unaijua. Anayetia maji haleti tena hapa."

Akauacha mtumba pale pale, akaondoka na mkokoteni mtupu. Sabaha alipima mizigo ya wengine mpaka mwisho, kisha akaenda nyuma ya ghala akalia. Mchana ule ule alituma ujumbe kwao Nassibu: wazee wasije. Angemvumilia mume maskini, si mume mwizi.

Jumatatu, yeye na mwenzake Benedikta waliukata mtumba ule ili wauanike. Katikati, maboksi yalikuwa yamechongwa shimo. Ndani ya shimo kulikuwa na gunia, ndani ya gunia maranda ya mbao yaliyolowa chapachapa, na ndani ya maranda, chupa ya soda ya machungwa.

"Barafu hiyo, shoga, imeyeyukia kwenye foleni," Benedikta alisema. "Mitumba si unaifungua wewe, watu wakishaondoka? Alidhani maranda yatakunywa maji yote."

Sabaha alikaa chini palepale. Nassibu angetamka neno zawadi mbele ya foleni, jina ambalo lingechafuka ni la Sabaha. Kwa hiyo alikubali lichafuke lake.

Aliingia ofisini na chupa mkononi. "Shikamoo, Mzee Sadalla. Naomba simu."

"Marahaba. Ya kazi?"

"Ya kazi na ya kwangu."

Mlango ulikuwa wazi, foleni ya Jumatatu inasikia kila kitu.

"Haloo, duka la Vallabhdas."

"Nassibu yupo?"

"Yupo hapa anakunja boksi. Sura yake ya msiba, wateja yangu nakimbia!"

Kisha sauti nyingine, ya chini: "Haloo."

"Nimefungua mtumba wako."

Kule dukani boksi lilianguka.

"Kwa nini hukusema, Nassibu?"

"Ungepoteza kazi. Mimi magazeti nitawauzia hata wauza karanga."

"Mjinga wewe, mpenzi wangu wee. Usikate simu."

Akawageukia watu, chupa juu. "Jamani, nilimtuhumu mbele yenu, namsafisha mbele yenu. Ilikuwa barafu. Soda ni yangu na huyu ni mchumba wangu. Anayetaka kunishtaki kwenye kamati, anishtaki."

Mzee Sadalla aliichukua chupa, akaigeuza, akamrudishia. "Mtumba uliolowa haulipwi," alisema. "Na kuanzia leo mizigo ya huyo atapima Benedikta. Basi, endeleeni na kazi."

"Sabaha?" sauti iliita kutoka kwenye simu. "Wazee waje?"

"Waje Ijumaa. Na soda waipitishe mlango wa mbele."

Kikohozi kisichofichika alikianza Mzee Sadalla. Foleni nzima ikampokea.