Taa Nyekundu ya Paneli

Rafiki yangu Kamisi, fundi umeme wa Arua, alimwonea wivu mwenzake Fadhul hata baada ya kumzika, Mungu amrehemu. Walizoea kupima paneli ya kuendeshea mashine mezani kabla haijaungwa na mashine yoyote. Kamisi alibonyeza swichi za majaribio, Fadhul akatazama taa na kuitikia, "Iko!" Taa nyekundu, ya mwisho, Fadhul aliigonga mara mbili kwa kidole.

"Hii paneli ya mteja wa Koboko, Fadhul angemaliza zamani," alisema bosi wao, Umaru.

"Fadhul hapana iko tena, mzee. Mimi iko."

Umaru akaenda zake, Kamisi akapima peke yake. Alipobakiza swichi ya mwisho, umeme ulikatika, ikawa giza tupu, maana chumba kile hakikuwa na dirisha. Kamisi akachomoa plagi ya paneli, akangoja.

Taa nyekundu ikawaka. Kisha ikagongwa polepole, mara mbili.