Jino la Kufundishia

Kofia ziliwaka kwa pamoja, na darasa zima la udaktari wa meno likashika shavu la kushoto.

Mashine hiyo iliitwa kihamisha-uchungu. Ilinasa ishara za mshipa wa fahamu katika taya la mgonjwa na kuzimimina kwenye ubongo wa aliyevaa kofia, ili vijana waliokulia kwenye nyumba za kuswakishwa na roboti wajue jino bovu la maskini linavyouma. Somo lenyewe liliitwa Utambuzi wa Hali ya Jamii. Bila kulifaulu, hakuna leseni.

Kofia zilipozimwa, wengine walifuta machozi. "Kwa kweli imenigusa," alisema mmoja, kisha akauliza kama kantini bado kuna sambusa. Mwasiti Senyagwa, aliyekuwa akiongoza kwa alama, hakucheka. Uchungu ule ulikuwa uleule wa wiki iliyopita, wa jino lilelile, ila sasa umezidi. Ina maana hakuna aliyelitibu.

Akaufuata waya wa mashine hadi chumba cha nyuma. Mama mmoja mponda kokoto, Bi Machite, alikuwa kwenye kiti, waya umefungwa tayani, shavu limevimba, chumba kinanuka usaha.

"Shikamoo, mama. Mbona hawajakutibu?"

"Marahaba, mwanangu. Wamesema jino likitoka, nyie mtakosa cha kusomea. Nisubiri hadi mitihani iishe. Na wenzangu wako hapo nje, wanangoja zamu. Sisi hatuna pengine pa kwenda."

Mwasiti alishikwa na kinyaa. Usaha alishauzoea, kilichomtia kinyaa ni yale machozi ya darasani, na yeye mwenyewe na alama zake nzuri. Alijua akiling'oa jino lile anaharibu somo la wote, na leseni yake itaota mbawa. Akachoma ganzi, akakamua jipu, akaling'oa.

Alipogeuka, Daktari Kisamo, mwalimu wao, alikuwa amesimama mlangoni. Mwasiti akangoja kufukuzwa.

"Wenzako waliona somo, wewe umeona mgonjwa," alisema kwa upole. "Kila mwaka huwa namsubiri mmoja atakayetambua hivyo. Nimekupa alama zote."

Kisamo akamsaidia Bi Machite kushuka, akakipangusa kiti, akafungua mlango wa nje na kuita anayefuata. Aliingia binti mjamzito, mkono shavuni. Akaketi, akamshukuru daktari hata kabla hajafungwa waya.

Mwasiti akainamia sinki la kutemea, akatapika.