Nyumba ya Bibi Isiyokuwepo

Kila asubuhi Nduku alimsaidia mama yake kuchambua nyanya kabla ya mama kwenda sokoni Kongowea. Zilizopondeka ziliwekwa kando kwa mboga ya jioni. Ngumu zilirudishwa kwenye kreti. Mama hakupenda maneno mengi asubuhi, na Jumamosi ile ya ziara ya shule hakubadilika.

"Mkifika huko, usimwache mwalimu," alisema huku akifunga leso kiunoni. "Mji wa Kale una vichochoro kama nini. Mimi mwenyewe hupotea."

"Ndiyo, Mama."

"Na maji ya kunywa umechukua?"

"Nimechukua."

"Haya. Nenda."

Nduku alizaliwa Frere Town na hakuwahi kuishi kwingine. Baba yake, Mutua, aliendesha lori kutoka Changamwe hadi bara, akirudi nyumbani kwa siku chache tu. Shuleni, hata hivyo, Nduku alikuwa "mtu wa bara". Alipokosea neno la Kiswahili darasani, wenzake walicheka. Alipopatia, walimwambia amejitahidi, kana kwamba yeye ni mgeni aliyefika jana. Alikuwa na rafiki mmoja tu ambaye hakumcheka, naye ni Nadira, aliyekaa naye dawati moja.

Nadira alikuwa na ugonjwa wa pumu. Kabla ya basi la shule kuondoka, mama yake alimkabidhi Mwalimu Pascalia kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Vumbi na moshi humsumbua sana, Mwalimu," alisema. "Asiwe mbali nawe, tafadhali."

Mwalimu Pascalia alikitia kichupa mkobani. "Umesikia, Nadira? Dawa yako iko hapa. Mimi nilipo, nawe uwepo."

Ngome ya Yesu walitembezwa vizuri. Waliona mizinga iliyotazama bahari na vyungu vilivyotolewa kwenye meli iliyozama zamani. Ndani ya makumbusho, nyuma ya kioo, kulikuwa na vyombo vya nyumbani vya watu wa kale: chetezo cha kufukizia udi, na mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi.

"Mrashi kama huu uko kwa bibi yangu," alisema Johari, msichana aliyependa kusikilizwa. "Tukiwa na harusi hutolewa."

"Hata bibi yangu anao," Nduku alisema.

Hakujua neno lile lilitoka wapi. Johari aligeuka polepole.

"Bibi yako? Bibi yako si yuko Machakos anapalilia mahindi?"

Wasichana waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Huyo ni wa upande wa baba," Nduku alisema, uso ukimwaka. "Bibi mzaa mama anakaa hapa hapa Mji wa Kale. Nyumba yake ina mlango wa nakshi."

"Mlango wa nakshi! Na mahamri huyala na sukuma wiki, au vipi?"

Walicheka tena. Nadira peke yake hakucheka. Alimshika Nduku mkono. "Mbona hukuniambia siku zote? Wallahi ningependa kumwona."

"Siku moja nitakupeleka," Nduku alisema. Alijisikia vizuri kwa muda mfupi.

Kutoka ngomeni walitembea kwa mguu hadi Marikiti, soko la viungo. Huko magunia yalikuwa wazi: iliki, karafuu, mdalasini, bizari. Mwalimu Pascalia aliwakusanya wanafunzi mbele ya duka moja ili muuzaji aeleze kila kiungo kinatoka wapi. Duka la pili yake, kijana mmoja aliwasha mashine na kuanza kusaga pilipili kavu.

Vumbi jekundu lilipaa. Wanafunzi walipiga chafya na kusukumana kwa kucheka. Nadira hakupiga chafya. Alianza kukohoa kikohozi kikavu, kifupi, kimoja baada ya kingine.

"Mpeleke basi kwa bibi yako akampe maji," Johari alimwambia Nduku, sauti yake tamu kama ya mtu anayejua jibu. "Si ni hapa hapa?"

Nadira alimvuta Nduku mkono wa sare. "Twende, Nduku. Hapa siwezi kuvuta pumzi."

Mwalimu alikuwa hatua chache tu mbele yao, amewapa mgongo, anamsikiliza muuzaji. Nduku alimwona. Aliuona na mkoba begani mwake. Ilikuwa rahisi kumwita. Lakini Johari alikuwa amesimama pale akitabasamu, akingoja.

"Ni hapo nyuma tu," Nduku alisema. "Twende."

Aliwaza kwamba watazunguka kichochoro kimoja, Nadira apate hewa safi, kisha warudi na kusema bibi hayuko. Wakapinda kulia. Kichochoro kikawatoa kwenye kingine, na hicho kikagawanyika. Nduku aligeuka ili warudi walikotoka, akaona kuta mbili zinazofanana na milango miwili inayofanana. Alichagua njia mojawapo. Haikuwaleta sokoni.

Ilikuwa saa saba. Saa hizo maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa, watu wakaenda kuswali, kula na kupumzika hadi alasiri. Nduku hakulijua hilo. Aliona tu mbao zikiwekwa madirishani na makufuli yakifungwa.

Muuza kahawa aliyekuwa akikusanya vikombe vyake aliwatazama. "Wanangu, mwaenda wapi juani?"

"Kwa bibi yetu," Nduku alijibu haraka. "Ni hapo mbele."

"Haya, nendeni upesi. Jua kali hili." Akainua birika lake, akaenda zake.

Nadira alisimama, akaegemea ukuta. Kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba. "Bado mbali?"

"Karibu."

"Ulisema ni nyuma tu."

"Usiongee, Nadira. Tembea pole pole."

Walikutana na mwanamke mwenye buibui, mkononi ana mfuko wa samaki. Alipita, akasimama, akarudi hatua moja. "Mwenzio ana nini?"

Nduku alifungua kinywa. Maneno ya kweli yalikuwa pale, mepesi kabisa: tumepotea. Lakini angeyasema, Nadira angesikia. Nadira angejua kwamba hakuna bibi wala mlango wa nakshi.

"Amechoka tu," alisema. "Sisi ni wa hapa hapa. Tunafika nyumbani sasa."

"Mpe maji akifika, mwanangu. Hali yake siipendi."

"Ndiyo, shangazi."

Mwanamke aliondoka. Alipinda kona, na sauti ya kandambili zake ikapotea. Baada ya hapo hawakukutana na mtu tena. Waliupita mlango uliofungwa, wakaupita mwingine, wakafika mahali ambapo kichochoro kiliishia ukutani. Mbele ya nyumba moja kulikuwa na baraza la mawe. Nadira alikaa hapo kwa kuanguka. Mabega yake yalipanda na kushuka, na shingoni ngozi ilibonyea ndani kila alipovuta hewa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, ikawa kama majivu.

Nduku alimpa maji. Hakuweza kuyameza.

"Muite... bibi," Nadira alisema. Alilisema kwa vipande.

Nduku alipiga magoti mbele yake. "Sina bibi hapa, Nadira. Nilidanganya. Sijui tuko wapi."

Nadira alimtazama tu. Hakuwa na pumzi ya kumgombeza. Nduku angefurahi kugombezwa. Yale macho, mapana na yenye hofu, yalikuwa mabaya kuliko tusi lolote.

Nduku aliinuka, akagonga mlango wa kwanza. Kimya. Akagonga wa pili kwa ngumi zote mbili. Kimya. Alikimbia hadi mwisho wa kichochoro kumtafuta yule mwanamke wa samaki, hakumwona. Akarudi mbio kwa kuogopa kumwacha Nadira peke yake. Kichwa cha Nadira kilikuwa kimeinamia kifuani. Nduku alianza kulia, na kulia hakukusaidia kitu. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na dawa, na yeye ndiye aliyemtoa mwenzake pale dawa ilipokuwa.

"Ni nani huyo anipigia milango saa za watu kulala?"

Sauti ilitoka juu. Kwenye dirisha la ghorofani alitokeza bibi kizee aliyejitanda leso.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Nyinyi ni wana wa nani?"

Lilikuwa swali ambalo kila mtu wa Mji wa Kale huuliza, na Nduku alikuwa ameliogopa tangu asubuhi.

"Mimi ni mtoto wa Mutua wa Frere Town!" alipiga kelele. "Sina mtu hapa! Tumepotea, bibi, na mwenzangu ana pumu, hapumui, dawa iko kwa mwalimu kule sokoni! Tusaidie!"

Bibi kizee hakuuliza swali la pili. Alijitokeza dirishani nusu mwili, akaita kwa sauti ambayo usingeidhania kutoka kifua kile. "Stambuli! Stambuli ee! Jamani, kuna mtoto afa huku chini! Tokeni!"

Madirisha yalifunguka. Pale palipokuwa kimya kama makaburini palijaa watu. Kumbe walikuwapo muda wote, nyuma ya kuta zile, wamelala.

"Mimi miguu haina nguvu ya kushuka ngazi," bibi alisema. Aliteremsha kikapu kwa kamba, kile ambacho wanawake wa ghorofani hukitumia kununulia vitu kwa wachuuzi wanaopita. Ndani yake mlikuwa na simu. "Chukua. Mpigie mwalimu wako."

Nduku hakuijua namba ya mwalimu. Aliijua ya mama. Alipiga, akasema yote kwa pumzi moja, na mama akajibu neno moja tu: "Nampigia."

Stambuli alikuwa mwanamume mnene mwenye tuktuk. Alimbeba Nadira mikononi, akamweka kiti cha nyuma, na kumwambia Nduku amshikilie akae wima, asimlaze. Walifika hospitali ndogo ya karibu, na Nduku akampigia mama tena kumwambia walipo. Muuguzi alimtazama Nadira mara moja, akamchukua ndani bila kuuliza jina.

Nduku alibaki kwenye benchi la ukumbini. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo alimwona rafiki yake amevishwa barakoa ya plastiki iliyotoa dawa kama mvuke. Daktari alitoka, akaingia, akatoka tena. Mwalimu Pascalia alikuja mbio, mkoba bado begani, uso umemparama. Alipita moja kwa moja ndani. Aliporudi hakumkaripia Nduku. Alikaa ncha ya pili ya benchi, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama yake Nadira naye alifika.

"Shikamoo, mama," Nduku alisema.

Hakuitikiwa. Mama yake Nadira alipita kana kwamba benchi lile halina mtu.

Muda ulikuwa mrefu. Hatimaye daktari alisema kwamba Nadira ameanza kupumua vizuri, lakini atalala hapo usiku ule. "Amechelewa sana kuletwa," aliongeza. "Sana. Mtoto wa pumu hatembezwi vile."

Mama yake Nduku alifika mwisho, leso ingali kiunoni, viatu vina tope la Kongowea. Hakumkumbatia bintiye. Alisimama mbele yake.

"Nini kilitokea? Yote."

Nduku alimwambia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono na kumwingiza chumbani, mbele ya mwalimu na mama yake Nadira.

"Rudia," alisema. "Vile vile ulivyoniambia."

Nduku alirudia. Alisema habari za Johari, za bibi asiyekuwepo, za muuza kahawa na mwanamke wa samaki. Nadira alikuwa amefumba macho. Labda alisikia, labda hakusikia. Nduku alipomaliza, mama yake Nadira alivuta shuka, akamfunika bintiye vizuri.

"Nimesikia," alisema. "Mwanangu yu hai, na Mungu nimemshukuru. Lakini wewe usije kwangu kwa sasa. Jumatatu mwalimu ambadilishie Nadira dawati."

Mwalimu Pascalia aliinamisha kichwa. "Mimi pia nina langu la kujibu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpa mgongo."

Nje ya hospitali, Nduku alilia sana. Mama alingoja amalize.

"Mama, hatanisamehe."

"Huenda. Hilo si lako kuamua, na wala usimharakishe." Mama alimfuta uso kwa ncha ya leso, kwa nguvu kidogo. "Sasa nisikilize. Kuna mtu aliyekuuliza mnaenda wapi. Mwingine akakuuliza mwenzio ana nini. Wote walikuwa tayari kuwasaidia, na wote uliwafukuza kwa mdomo wako mwenyewe. Uliwaambia wewe ni wa hapa, wakaamini uko kwenu, wakaenda zao. Wangejuaje? Uliposema kweli, mtaa mzima uliamka."

"Nilichoka kuitwa mgeni."

"Najua. Hata mimi huitwa. Inaudhi, lakini haiui. Uwongo wako nusura uue. Mtu asiyejua, aseme sijui. Aliyepotea, aseme nimepotea. Aseme mapema, kabla ya kumburuta mwenzake."

Nduku aliitikia kwa kichwa.

Mama alikaza leso yake, akatazama barabara iliyoingia Mji wa Kale. Mbao za madirisha zilikuwa zikiondolewa. Maduka yalianza kufunguliwa tena.

"Kuna bibi hapo ndani anastahili kurudishiwa simu yake, na kushukuriwa," alisema. "Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Vizuri," mama alisema. "Nenda kamwulize yule mwenye duka."