Figa la Tatu

Chungu kilianza kuchemka kabla Hajara hajawasha moto.

Alirudi nyuma hadi mlangoni. Kisha akakumbuka kuwa ndicho alichokitaka. Figa la tatu alilitoa jana kilimani Kwapa, kwenye duara la mawe ya kale, akalificha ndani ya mzigo wa kuni.

Bibi Amulen, mtunzaji wa mawe hayo, alimkanya. Kila jiwe lina jini wake, alimwambia, na chakula kikiiva juu yake, jini humwita kila aliyekula, akasimame naye kilimani. Hajara alisikiliza kwa adabu, akalibeba. Wakati ule wa utawala wa jeshi, Kapteni alimchukua Nasifu, mume wake, kwa kosa la kuwa na lori zuri. Lilirudi shati tu. Sasa Kapteni alilala kitandani mwa Nasifu, na mjane ndiye aliyempikia.

Mchana alimwandalia kuku na ugali wa wimbi. Kapteni akamsogezea sahani kama kila siku, maana aliogopa sumu kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Mama, wewe kula kwanza."

Hajara alikuwa amelifikiria hilo njia nzima akishuka kilimani. Akamega tonge, akameza. Kapteni naye akala mpaka akaramba vidole.

Jioni nyumba ilinuka udongo uliofukuliwa. Kapteni alikuwa barazani sauti ilipoanza kumwita kutoka kilimani, taratibu, kwa jina la utotoni ambalo hakuna askari aliyelijua, akasimama, akakaa, akauliza walinzi nao wakasema hawasikii kitu, akakumbatia nguzo huku akilia, na miguu yake ikaanza kutembea bila kumsikiliza.

"Mama, nishike," alinong'ona.

"Nasifu pia aliomba," alisema Hajara, akabaki alipokaa. Moyo wake ulifurahi, na hakuuonea haya.

Asubuhi alilirudisha figa. Bibi Amulen alikuwa kilimani. Katika duara lilisimama jiwe jipya, limelowa kama kwa jasho. Kando yake ardhi ilikuwa imefunua shimo dogo, la upana wa nyayo mbili za mwanamke.

"Mwanangu, nani nakula ile chakula kwanza?" aliuliza bibi.

"Mimi."

Hajara alivua viatu, akavipanga vizuri kwenye nyasi. Alikuwa ameanza kusikia jina lake.