Kifaa Kilichosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damaris alifuta umande kwenye kiti cha pikipiki ya baba yake, kisha akamshikia mtungi wa dawa huku baba akiufunga nyuma kwa mpira. Baba yake, Boaz Obare, alitunza mitego ya mbung'o katika Bonde la Lambwe. Mitego yenyewe ilikuwa vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa vichakani. Mbung'o huzipenda rangi hizo, naye akitua juu ya kitambaa, dawa humuua. Lakini dawa ikikauka, kitambaa hubaki pambo tu, na mbung'o huendelea kuuma ng'ombe na watu na kuwaambukiza magonjwa.

Mwaka ule wa 1998, kazi ya Boaz ilimtoa jasho. Mvua za El Nino zilikuwa zimeotesha nyasi zikampita mtu mzima urefu, na njia za ng'ombe zilikuwa zimepotea kabisa. Mitego aliyoitundika kwa mikono yake mwenyewe, Boaz aliitafuta kama mgeni. Siku nyingine alirudi nyumbani na dawa yote aliyotoka nayo.

Ndipo Bwana Onsongo, mkubwa wake kutoka ofisi ya mradi mjini Homa Bay, alipoleta vifaa viwili vidogo vya kufungwa kwenye usukani wa pikipiki. Alieleza kwamba vifaa hivyo vilisikiliza setilaiti zilizo juu angani na kumwambia mtu mahali alipo. Ukifika kwenye mtego, unabonyeza, kifaa kinapahifadhi mahali hapo. Ukitaka kurudi hata baada ya miezi, kinakuonyesha njia kwa mshale. Damaris alisimama mlangoni akisikiliza, mdomo wazi.

"Wewe ndiye unajua hii pori," Onsongo alimwambia Boaz. "Jaribu zote mbili. Ile utachagua ndiyo tutanunulia waendeshaji wote wa bonde."

Kifaa cheusi kilikuwa na waya uliovuta umeme kutoka kwenye pikipiki. Hakikuhitaji betri, lakini hakikuweza kuondoka kwenye pikipiki pia. Cha kijivu kilitumia betri nne nyembamba. Onsongo alisema hicho kilisikia setilaiti nyingi kwa pamoja, hata chini ya miti, na mtu angeweza kukishika mkononi na kuingia nacho kichakani kwa miguu.

Boaz alianza na kile cheusi. Barabarani kilifanya vizuri, ila chini ya miti mshale ulipotea. Cha kijivu kilibakiwa na Jumatatu tu, maana Jumanne Onsongo angekuja kuvichukua. Jumapili asubuhi Boaz alitia betri mpya, akakifunga kwenye mfuko wake, akauacha nyumbani na kwenda kumwona jamaa aliyefiwa.

Sasa, Damaris alikuwa na jambo lake. Wiki kadhaa zilizopita alikuwa ametuma kadi ya salamu redioni, na kipindi cha salamu kilikuwa mchana ule. Redio yao ndogo ilitumia betri nyembamba zile zile, nazo zilikuwa zimechoka. Alikuwa amezianika juani tangu asubuhi, lakini sauti ilitoka kwa kukoroma, kisha ikafa. Aliutazama mfuko wa baba. Alijiambia ataazima tu, na kipindi kikiisha atazirudisha mahali pake. Akatoa betri mpya, na ili kifaa kisikae tumbo wazi, akatia zile kuukuu.

Jina lake lilisomwa. Mtangazaji alisema kwamba Damaris Obare wa Lambwe anamsalimia baba yake mzazi, na anamtakia kazi njema. Damaris aliruka ruka chumba kizima kwa furaha. Kabla hajatulia, pikipiki ikanguruma uani. Baba aliingia, akauchukua mfuko wake na kwenda nao chumbani kwake, na asubuhi iliyofuata aliondoka mapema kuliko siku zote.

Betri zilizoanikwa juani hupata nguvu ya muda mfupi. Kifaa kiliwaka vizuri asubuhi, Boaz akafurahi. Alipokuwa katikati ya msitu wa miiba, kikazimika. Alirudi jioni mikono ikiwa imechanwa chanwa, shati limeraruka bega. Alitoa zile betri nne akampa binti yake.

"Chukua, nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo. "Pengine zitakusaidia kwa redio."

Damaris alizipokea. Akasema asante, akatoka nazo.

Siku ya pili yake Onsongo alikuja, na Damaris ndiye aliyemimina chai. Alimsikia baba akisema amechagua kile cheusi, kwa sababu cha kijivu kinakula betri hata haijafika saa sita, na betri kama hizo hazipatikani ovyo huku kwao. Onsongo alishangaa. Alisema ofisini kilikaa muda mrefu bila kuzimika.

"Betri nilitia mpya, mimi mwenyewe," Boaz alisema.

Damaris alijua kwamba huo ndio wakati wa kusema. Aliweka birika chini, akaona haya mbele ya mgeni, akatoka nje. Alijituliza kwamba vifaa vyote viwili vimetengenezwa na wataalamu, kwa hivyo tofauti kati yavyo haiwezi kuwa kubwa. Betri mpya alizificha ndani ya kopo la penseli, wala hakufungua redio tena.

Tofauti ilikuwa kubwa. Mitego iliyokuwa mahali pa wazi, Boaz aliipata. Ile ya ndani kabisa, chini ya miti upande wa mbuga ya wanyama, kile kifaa cheusi hakikuifikia. Kilipoteza mshale pale pale alipouhitaji. Mwezi ulipita, ukaja mwingine, na vitambaa vya huko vikakauka dawa.

Karibu na upande huo walikaa akina Joash, mvulana aliyekaa dawati moja na Damaris darasa la sita. Mama yake, Caren, alilima kwa maksai wawili, na yule mweusi, Rateng', ndiye aliyekuwa nguvu ya nyumba. Mwezi wa saba Rateng' alianza kukonda. Joash alisimulia shuleni jinsi manyoya yake yalivyosimama na jinsi alivyokataa majani. Kila siku Damaris alimuuliza hali ya maksai huyo, na kila siku jibu lilikuwa baya zaidi. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa wa mbung'o, akamdunga sindano, lakini alikuwa amechelewa. Rateng' alikufa wakati watu walipokuwa wakianza kulima mashamba ya vuli. Joash hakuonekana darasani, kwa kuwa maksai mmoja hawezi kuvuta plau, na yeye na mama yake walikuwa wameshika majembe.

Onsongo alikuja kutoka Homa Bay kuuliza kwa nini mbung'o wameongezeka upande ule. Katika mazungumzo alitaja kwamba kifaa cha kijivu kilipelekwa kwa mwendeshaji wao wa Migori, na betri zake hukaa siku nzima na kesho yake tena.

Onsongo alipoondoka, Boaz alibaki ameketi, kofia yake ya pikipiki magotini.

"Mimi ndiye nilichagua vibaya," alimwambia mke wake. "Ng'ombe ya Mama Joash imekufa kwa mkono yangu."

Damaris hakuweza kuvumilia kusikia hivyo. Alikwenda akaleta kopo lake la penseli, akazipanga betri nne mbele ya baba, na kusema yote: redio, salamu, birika la chai. Alilia hadi akakosa pumzi. Boaz alizikusanya zile betri, moja baada ya nyingine. Hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Damaris zaidi.

"Si ungeniambia tu ile Jumatatu," alisema hatimaye. "Ningekasirika kidogo, halafu tungekula."

Siku ya pili yake alimpakia Damaris kwenye pikipiki hadi kwa Caren. Damaris aliungama akiwa amesimama shambani. Joash aliacha kulima, akamtazama, kisha akageuka akaendelea. Caren aliegemea jembe lake.

"Rateng' hatarudi, mtoto wangu," alisema. "Lakini nilikuwa namlaumu baba yako kwa roho yangu. Hiyo umenitoa."

Damaris aliomba jembe. Alilima pale siku ile, na kila Jumapili mchana hadi mbegu zote zikaingia ardhini. Joash alirudi kuongea naye taratibu, lakini hakumsimulia tena habari za ng'ombe.

Boaz alikwenda Homa Bay akamweleza Onsongo ukweli, ingawa ulimtia aibu. Kifaa cha kijivu kikarudishwa Lambwe. Asubuhi ya kukijaribu upya, alitia zile betri nne zilizotoka kwenye kopo la penseli. Jioni alirudi akiwa amefika kwenye mitego yote ya upande wa mbuga. Alikiweka mezani, karibu na sahani ya Damaris. Kilikuwa bado kinawaka.

Damaris aliinamisha kichwa. Baba alikaa karibu naye.

"Nyara, betri ulizochukua si kitu. Ningenunua zingine," alisema. "Lakini mimi nilipima kitu nikiamini macho yangu, na wewe ulijua macho yangu yamedanganywa. Mtu akichagua kwa jambo lisilo la kweli, atachagua vibaya hata akiwa na akili namna gani, na anayeumia ni mwingine kabisa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaanza kujenga juu ya kosa lako."

Damaris aliitikia kwa kichwa. Baba alikizima kifaa, akatoa betri moja moja, akampa azirudishe kwenye redio. Alizipokea, lakini jioni ile hakutaka kusikia salamu za mtu yeyote.