Viganja Viwili Bila Gundi

Ilikuwa siku ya soko Kamembe. Watu walipita kwa kusukumana mabega, na pikapu moja nyeupe, kuukuu, ilikuwa imewazibia njia. Dereva wake, msichana wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, alishuka akajikung'uta kichwa. Likamtoka vumbi la kahawia, utadhani alilala ndani ya gunia la tumbaku.

Kamali, fundi wa viti vya magari, alikuwa hapo akila muhogo wa kuchoma. Alicheka kabla hajajizuia. Halafu akachungulia ndani ya gari, kicheko kikakatika. Kitambaa cha dari, ambacho watu wa huku wanakiita plafo, kilikuwa kimening'inia kama tumbo la ng'ombe mgonjwa, na msichana alikuwa amekishikiza kwa pini zake za nywele. Pini kumi na moja. Kamali alizihesabu zote, maana kila pini iliyopanda darini ilikuwa imeangusha shungi la nywele shingoni, na shingo ile ilistahili hesabu.

"Maman, hii gari inakula muntu," alisema.

"Mimi si maman ya muntu. Niko Nzigire. Na wewe, unajua kuitengeneza ao unajua tu kucheka?"

Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Sasa yeye ndiye aliyebeba maharagwe ya Nyakarenzo kuyapeleka Bukavu, mama yake, Maman Marguerite, akiwa kando yake kila safari. Likisimama gari, na nyumba inasimama.

Kamali alilifanyia kazi siku mbili. Aliteremsha ubao wa dari, akakwangua sponji iliyooza, akakata kitambaa kipya cha kijivu kwa kufuata kile cha zamani. Akapaka gundi, akangoja mpaka isishike kidole, kisha akakibandika kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Fundi kweli. Ndiyo maana alichokifanya mwishoni hakikuwa bahati mbaya. Mbele, juu ya kioo, aliacha upana wa viganja viwili bila gundi, akauchomeka tu chini ya mpira wa kioo. Akapiga hesabu: jua, mashimo ya barabara, wiki mbili. Italegea, na mwenyewe atarudi.

Alirudi siku ya kumi na tatu, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga mkononi. Kamali akatengeneza, akaacha viganja vyake viwili vilevile. Kuanzia hapo ikawa simu kila asubuhi.

"Plafo yangu inaamukaje?"

"Inalala muzuri. Na fundi yake?"

"Fundi yake halali, chérie."

Alipoleta gari mara ya tatu, Nzigire aliinua kidole akaugusa ukingo uliolegea, akauliza kama kole yake, ile gundi, ilichanganywa na maji. Kamali akasingizia unyevu wa ziwa, akaviacha tena viganja viwili. Nzigire alicheka, lakini kidole chake kilichelewa kushuka.

Wiki ile mvua za Septemba zilianza. Asubuhi moja Nzigire alipiga simu kutoka Nyakarenzo kusema ameshapakia hadi juu, mama yuko kando, na kioo cha upande wake kimekataa kupanda, anaendesha na upepo wote usoni. Kamali alikuwa bado anatabasamu alipogeuka. Vipande vya vitambaa alivyotundika mlangoni mwa karakana yake vilikuwa vimenyanyuka vyote, vimelala bapa juu ya ukuta, na upepo hauviachii.

Tabasamu likamfia mdomoni: upepo ule ungeingia kwa kioo kile na kuviinua viganja viwili visivyo na gundi. Akampigia tena.

"Usishuke darajani, Rusizi ya kwanza. Simamisha gari."

"Juu ya nini nisimame?"

"Usishuke tu, chérie."

"Ni wivu?" Nzigire aliuliza. "Unaona niko na muntu ng'ambo? Mimi sifungwi kamba, Kamali."

Simu ikakatika. Aliyopiga baada ya hapo haikupokelewa, wala iliyofuata.

Alipanda pikipiki ya abiria, akamwomba dereva akimbie. Kwenye kona ya tatu ya kuteremka darajani alikuta maharagwe mekundu yametapakaa juu ya lami, mengine bado yanabingirika. Pikapu ilikuwa imeegemea ukingo wa mlima. Maman Marguerite alikuwa ameketi chini, ameshika mkono uliopinda mahali pasipo na kiungo. Nzigire alikuwa amesimama na kitambaa cha kijivu mikononi.

"Kilinifunika macho," alisema. "Kama muntu amenishika kwa nyuma."

"Ni mimi," Kamali alisema. Akaeleza yote, viganja viwili, mara tatu, na sababu yake. Ilipotamkwa mbele ya ule mkono, sababu ile haikuwa tamu tena.

Nzigire alimsikiliza hadi mwisho.

"Utaibandika yote," alisema. "Hata kidole usiache. Kisha sitakuwa na sababu ya kurudi."

Aliibandika yote. Nzigire alikuja kuchukua gari, hakuketi, hakumtazama.

Wiki tano simu ilikaa kimya. Kila pikapu nyeupe iliyopita ilimsimamisha Kamali na sindano mkononi. Siku ya soko, moja ikasimama mlangoni, Nzigire kwenye usukani, mama yake kando. Akaingiza kichwa ndani. Plafo ilikuwa imekaza vizuri.

"Iko na shida gani?"

"Haina shida," Nzigire alisema.

"Basi?"

"Basi nimekuja."

Kamali aliweka sindano chini. Akaomba msamaha, safari hii bila mzaha hata mmoja, akasema anataka kumuoa. Nzigire akamgeukia mama yake.

Maman Marguerite, mkono mmoja ukiwa bado kwenye bandeji, hakutabasamu. Kwa mkono mzima aliugusa ukingo wa mbele wa plafo, juu ya kioo, akaukandamiza, polepole, kutoka kona hadi kona.

"Jumapili, siku ya Mungu, utakuja kwetu na bazee bako," alisema. "Mutapanda hii gari. Wewe ndiyo utaendesha, kioo wazi, chini ya plafo yako."

Kamali akaitikia. Nyuma yake, mlangoni, vitambaa vilianza kunyanyuka kwa upepo.