Fundi wa Kunoa na Bingwa wa Barafu

Mkanda wa begi ulikatika karibu na robot ya Marshalltown, taa za barabarani za katikati ya Johannesburg, saa nne asubuhi, wakati wachuuzi wa ndizi na makarani wa ofisi walipokuwa wakigombea njia moja. Kiatu kimoja kilichomoka, kikatua juu ya meza ya Mwadini, fundi wa kunoa, katikati ya mikasi ya mafundi cherehani.

Mwadini alikiinua. Chini ya kiatu hicho palikuwa na kisu kirefu, chembamba, chenye kung'aa.

"Usikiguse!"

Aliyepaza sauti alikuwa msichana mrefu, aliyevaa suti ya mazoezi ya rangi ya manjano na mtandio mweupe uliofungwa nyuma ya shingo.

"Dada, kiatu chako ndicho kilichonigusa mimi," Mwadini alimjibu. "Nami naomba kujua: hiki unachinjia ng'ombe au unaendea harusini?"

Msichana alijizuia asicheke, akashindwa. "Nakimbilia juu ya barafu, kaka. Na hakuna mkono unaogusa visu hivi isipokuwa wangu."

"Basi tumefanana. Jiwe langu hili haliguswi na mtu mwingine. Ni la marehemu baba yangu, lilitoka Unguja."

Gustave, Mkongomani aliyekuwa akishona pembeni yao, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mwadini, weye haumujui huyu? Ni Mayasa, champion! Nilimuona kwa televizyo!"

Alikuwa Mayasa kweli, binti wa wazazi kutoka Tanga, aliyelelewa mtaa wa Kensington, mjini humo humo. Alianza na viatu vya magurudumu kwenye miteremko ya mtaa wao, kisha akahamia uwanja mdogo wa barafu, na sasa alikuwa bingwa wa taifa wa wanawake katika mbio za mita elfu tano. Kwa kuwa Johannesburg haina uwanja mkubwa wa mbio hizo, kila mwaka alisafiri kwenda Uholanzi. Safari ya mwaka huu ilikuwa nzito kuliko zote. Akishindwa kumaliza chini ya dakika saba na sekunde ishirini, nafasi yake katika timu ingekwisha.

Gustave aliushona mkanda. Mwadini aliomba namba ya simu. Jioni alipiga.

"Mkanda unashika?"

"Unashika. Kwani uliushona wewe?"

"Hapana, ni Gustave."

"Mbona basi Gustave hakupiga simu?"

"Ana mke na watoto wanne. Mimi nina nafasi."

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Kila Jumapili Mwadini aliketi kando ya barafu, amevaa sweta mbili na kofia ya vitone, na chupa ya chai ya tangawizi magotini. Mayasa alipita mbele yake ameinama, mikono mgongoni, huku visu vikikwaruza barafu kwa sauti nyembamba iliyompendeza Mwadini kuliko muziki. Jioni moja alinong'ona, "Uholanzi ni mbali, laazizi. Laiti usingekwenda." Mayasa alicheka, lakini hakuyasahau maneno hayo.

Siku nane kabla ya safari, Mayasa alikuwa akienda kuchukua viza, mahali ambapo mabegi hayaruhusiwi kuingia. Akayaacha mabegi yote kwa Mwadini.

"Nilindie, mpenzi. Nakuamini."

Mwadini alifungua begi moja ili avitazame tu vile viatu. Alipitisha kidole kwenye kisu, akashangaa. Ukingo ulikuwa bapa, kama wa rula. Kwa mtu aliyenoa mikasi miaka kumi na miwili, hayo hayakuwa makali. "Maskini, anakimbilia visu butu," alijisemea. Kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akavinoa kwa mshazari, kama anavyonoa mikasi ya Gustave, hadi vikaweza kunyoa vinyweleo vya mkono. Hakumwambia. Alitaka iwe zawadi.

Kesho yake, kwenye kona ya kwanza, Mayasa alianguka na kuumia nyonga. Mwalimu wake, Mama Arlène, alikiinua kisu kwenye mwanga. "Nani amekata mshazari hapa?"

Kabla ya adhuhuri Mayasa alikuwa Marshalltown, akichechemea.

"Ulitaka nisiende, Mwadini. Ulitamka kwa kinywa chako."

"Wallahi, Mayasa, nilitaka upae!"

"Kisu cha barafu hukatwa bapa, kikabaki na kona mbili kali, moja kila upande. Mshazari hukutupa chini! Zimebaki siku saba."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Aliondoka, akazima simu. Mwadini aliinamia jiwe la baba yake, machozi yakidondokea mikasi.

"Eish, papa," Gustave alisema mwishowe, "unalilia mikasi yangu, itashika kutu. Enda kwa mwalimu wake, ukajifunze."

Mwadini alikwenda mtaa wa Troyeville, nyumbani kwa Mama Arlène. Mama huyo alimpa viatu vya zamani na fremu ya kuvibania. Siku nne Mwadini alinoa bapa, mara tatu Mama Arlène aliweka rula juu ya visu, akaona mwanga ukipenya, akasema, "Rudia, mwanangu." Mara ya nne mwanga haukupenya. Ndipo Mama Arlène alipompigia Mayasa simu.

Mayasa aliingia akiwa na gauni la buluu na uso usiocheka. Alivibana viatu vyake kwenye fremu. Mwadini aliweka jiwe la baba yake mbele ya Mayasa, kisha akarudisha mikono nyuma.

"Lishike. Jiwe lako linakwaruza; hili litaondoa mshazari bila kula chuma kingi."

"Wewe je?"

"Mimi sigusi tena bila kuuliza."

Mayasa alilitazama jiwe lililolika katikati, kisha akaitazama mikono ya Mwadini, iliyojaa michubuko ya siku nne. Alinoa kisu cha kulia peke yake, taratibu, mpaka kikanyooka. Kisha akamsukumia jiwe.

"Cha kushoto noa wewe."

"Una hakika?"

"Umeuliza. Noa."

Alisafiri siku mbili baadaye, na jiwe aliloazimwa na Mwadini lilisafiri naye.

Siku ya mashindano, Mwadini na Gustave walitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye cherehani. Mizunguko kumi na miwili na nusu. Mayasa alipovuka mstari, saa ilisoma dakika saba, sekunde kumi na sita. Gustave aliruka, akaangusha vifungo vyote.

Baada ya saa moja simu iliita.

"Umeona, habibi?"

"Nimeona. Nyonga inauma?"

"Itauma kesho."

"Mayasa, nataka kutuma wazee kwa baba yako. Taja mahari yako."

Kelele za uwanja zilisikika nyuma ya Mayasa.

"Jiwe," alisema Mayasa.

"Jiwe gani?"

"Hili lililo mfukoni mwangu."

Mwadini alikaa chini. "Mahari ni mali yako peke yako. Na mikasi ya Gustave nitainolea nini?"

"Utaliazima kwa mkeo kila asubuhi. Lakini utaomba kwa adabu."

"Nakubali," alisema Mwadini, akipitisha kiganja mahali pale mezani ambapo jiwe lilikuwa limeacha alama yake.